Steringi Habebi Mzigo

Nianze na kosa langu mwenyewe, halafu ndiyo nigombane na wengine.

Mwaka jana nilikuwa mmoja wa wasomaji watatu tuliopewa miswada ya shindano dogo la hadithi fupi. Masharti yalikuwa mepesi: iwe hadithi ya kisayansi, itokee Tanzania, iwe ya wakati ujao. Muswada mmoja ulitoka kwa binti wa Mlalo, kule juu Lushoto. Vita vimefika Usambara, mwaka ni 2140. Kikosi cha vijana kimejichimbia ndani ya msitu wa Shagayu. Wana silaha za miale, wana mtambo wa kupofusha droni za adui. Ila mtambo unakula betri, na betri zinapandishwa kutoka bondeni na bibi mmoja, ndani ya tenga, kata kichwani, juu amefunika majani ya kabichi. Hadithi yote ni bibi anapanda mlima. Anapumzika. Anatua tenga chini ya mti, kisha anashindwa kujitwika tena peke yake, anakaa kusubiri mtu apite. Anayepita ni askari wa adui, kijana mdogo tu. Kijana anamtwika. Bibi anashukuru, anaendelea na safari. Akifika kambini anaulizwa mbona amechelewa.

Tuliukataa. Mwenzetu mmoja aliandika pembeni kwamba vifaa vya kijeshi vya mwandishi huyu "si halisi". Mwingine akauliza jeshi gani la mwaka 2140 litategemea kichwa cha bibi kizee. Mimi niliandika neno moja: "Naafiki." Tukampa ushindi kijana aliyekuwa na askari wenye mavazi ya chuma cheusi, kofia zenye vioo vinavyoonyesha ramani, na mabuti yanayoruka ukuta. Nakumbuka tulimsifu kwa uhalisia.

Naona haya. Na kwa kuwa naona mchezo uleule unaendelea kila mahali tunapojadili hadithi za kisayansi, nimeona niseme hadharani: huu mjadala wetu wa "uhalisia" wa mavazi na mbinu za kivita kwenye tamthilia za anga umepotoka, na unaanza kutuharibia waandishi.

Kwanza niwape haki yao wale wanaoujadili. Sio wajinga. Wakisema kwamba ni upuuzi kofia ya mwanaanga kuwa na taa ndani inayomulika uso wa anayeivaa, wako sahihi kabisa. Taa ile imewekwa ili mtazamaji aone sura ya mwigizaji aliyelipwa pesa nyingi. Mwenye kofia usiku hataona kitu zaidi ya pua yake, na adui atamwona toka kijiji cha pili. Wakilalamika kwamba nahodha wa Star Trek anashuka yeye mwenyewe kwenye sayari asiyoijua, bila kofia, bila begi, bila hata chupa ya maji, huku ameacha mamia ya watu juu melini, wanalalamika kwa haki. Wakicheka askari weupe wa Star Wars kwa kukosa shabaha, wacheke tu. Halo ilipoanza kuonyeshwa mwaka 2022 na Master Chief akavua kofia yake, mashabiki walinuna kama vile kavua nguo sokoni. Sawa. Hayo yote nayaelewa.

Mimi mwenyewe nilipita JKT kwa mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita. Sijiiti mwanajeshi, jamani, msinichekee. Lakini miezi ile ilinifundisha kwamba kitu cha kwanza unachojua kuhusu bunduki ni uzito wake. Unapewa SMG, kilo nne hivi, isiyo na hata risasi moja. Dakika tano za kwanza unajiona komandoo. Baada ya saa mbili za kukimbia nayo imeinuliwa juu ya kichwa, unaichukia kuliko unavyomchukia afande. Kombati ikilowa inakuwa na uzito wake. Buti likilowa linakula kisigino. Usiku watu hawakuzungumzia adui, walizungumzia malengelenge. Sijawahi kuona tamthilia ya anga, hata moja, ambayo steringi wake amekaa pembeni anatoboa lengelenge.

Na hapa ndipo ugomvi wangu unapoanza. Tunakagua kofia, tunakagua risasi, tunakagua kama kikosi kimejipanga vizuri mlangoni. Hatukagui nani kabeba.

*

Desemba iliyopita nilikaa wiki mbili Lushoto kwa baba mdogo. Nyumba yake iko upande wa kwenda Magamba, na mvua ya kule mnaijua, ikianza asubuhi haina aibu ya kuendelea mpaka kesho. Nilikuwa na The Mandalorian kwenye flashi. Baba mdogo ni mtu wa kutazama chochote kinachowaka, alizoea tangu enzi za mabanda ya video ambako akina Lufufu walikuwa wanatafsiri kila kitu, filamu ya Kichina, ya Kihindi, ya Kimarekani, na kuongezea ya kwao. Basi tukakaa, blanketi magotini, chai mkononi.

Akatazama episodi ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Kwenye ya tatu akauliza:

"Huyu anakunywa maji saa ngapi?"

Nikamwambia baba, kofia haivuliwi, ni dini yao, hawaonyeshi uso mbele ya mtu.

"Sijauliza uso. Nimeuliza maji. Na chuma chote kile juani. Halafu haja ndogo?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea kutazama, akicheka kidogo kila mara yule bwana alipopigana na watu kumi bila kuishiwa kitu. Mwisho akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba hawa hawajawahi kutembea.

Baba mdogo alikwenda vita ya Kagera. Haongei sana kuhusu hiyo, na mimi ni mwandishi wa habari, kwa hiyo nimejaribu kila mlango. Ukimuuliza alipigana wapi anakutajia majina: Mutukula, Masaka, Lukaya. Ukimuuliza aliona nini, anakuambia alitembea. Wenye kumbukumbu watajua haongezi chumvi. Idi Amin alivamia mwishoni mwa 1978, na kufikia tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilikuwa imeanguka. Mwanzoni mwa Juni askari wetu walikuwa wamefika mpaka wa Sudan. Sehemu kubwa ya safari hiyo ilikwenda kwa miguu. Wakati huohuo upande wa pili ulikuwa na magari ya deraya na vifaru, na Wamarekani wa sinema wangesema huo ndio upande wenye vifaa. Pale Lukaya, Machi 1979, Walibya waliokuja kumsaidia Amin walikuwa na vifaru vya T-55. Kifaru kinakwenda barabarani, na barabara ile imepita katikati ya kinamasi. Brigedi yetu ya 208 iliyatembea maeneo ya pembeni, ikazunguka mpaka kuikata njia ile kwa nyuma yao.

Katika masimulizi yote ya vita ile kifaa kinachoimbwa ni mizinga ya roketi, ile Saba Saba iliyowatia watu hofu mpaka ikapewa jina. Nami sina ugomvi na Saba Saba. Ila baba mdogo alipoulizwa na mjukuu wake ni silaha gani ilikuwa nzuri kuliko zote, alifikiri sana, kisha akasema soksi kavu.

Mtoto alidhani anataniwa.

*

Mnaosoma hapa mkiwa Lushoto, siku isiyo na ukungu nendeni Irente. Simameni pale ukingoni mtazame chini, tambarare ya Mazinde. Katika karne ya 19 mlima huu ulikuwa na ufalme, makao yake Vugha, na Kimweri ye Nyumbai alipokufa mwaka 1862 kila aliyekuwa na damu ya kifalme akataka sehemu yake. Aliyewazidi wengine ni Semboja, aliyekaa kule chini Mazinde. Kwa hesabu za tamthilia, mwenye ngome ya mlimani ndiye mshindi: yuko juu, anaona mbali, adui anamjia akihema. Lakini Mazinde ndiko misafara ya biashara ilikopita. Aliyekaa njiani alipata bunduki, na kilicho kikubwa zaidi, alipata baruti, na alipata baruti tena ya kwanza ilipokwisha. Vugha ikavamiwa, ikachomwa. Profesa Steven Feierman aliyeandika historia ya ufalme ule ameeleza kwa urefu jinsi nguvu ilivyoteremka kutoka mlimani kwenda kwenye njia ya biashara. Mimi nasema kwa ufupi wa gazetini: bunduki bila baruti ni mwichi.

Sasa geuza shingo kidogo, fuata reli kuelekea Tanga. Reli ile ilianza kujengwa mwaka 1893 na ilikuwa imeshafika Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Novemba 1914 Waingereza walileta askari wapatao 8,000 kutoka India, wakawashusha Ras Kasone. Upande wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck alikuwa na watu kama 1,000, wengi wao askari Waafrika, akawateremsha kwa treni hiyohiyo, wakipita Mombo hapo chini yetu. Waingereza wakashindwa vibaya. Kila mtu anasimulia nyuki, kwamba nyuki wa Tanga waliwashambulia wavamizi, na ni kweli nyuki walikuwepo na waliuma pande zote mbili bila kuangalia sare. Mimi napenda zaidi jambo la moshi. Kampuni nyingi za askari wa Mjerumani zilikuwa bado na bunduki za Mauser za mtindo wa 1871, za baruti nyeusi. Ukipiga risasi moja tu, wingu la moshi linapanda juu ya kichaka ulichojificha, kama umewasha jiko. Huo ndio uhalisia wa vifaa: jeshi lililoshinda ndilo lililokuwa na bunduki mbaya. Na jambo la kwanza lililowafurahisha washindi baada ya vita ni mzigo ulioachwa ufukweni: bunduki za kisasa mamia, bombomu 16, na risasi laki sita.

Halafu nani akazibeba?

Hapo ndipo historia inapokohoa. Katika vita ile ya Afrika Mashariki, kila kampuni ilitembea na wapagazi wengi kuliko wapiganaji. Bombomu ilibebwa vipandevipande vichwani. Unga, risasi, hema la bwana, kiti cha bwana, dawa za bwana. Kadiri jeshi lilivyokwenda mbali na reli ndivyo wapagazi walivyohitaji wapagazi wengine wa kuwabebea chakula chao. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake wanakadiriwa kuzidi 90,000, na wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, homa, njaa na kuchoka. Kariakoo, soko ambalo kila Mtanzania analijua, lina jina la kikosi chao: Carrier Corps, likasagwa na midomo yetu mpaka likawa letu.

Ukienda Posta, Dar es Salaam, utaikuta Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927. Askari mmoja wa shaba, buti, bunduki, singe mbele. Maandishi ya chini yanawataja wapagazi. Sanamu haiwaonyeshi. Nairobi wana sanamu ya ndugu yake, ya enzi ileile, na pale mpagazi amesimama, mtu mzima wa shaba pamoja na wenye bunduki. Nimepita Posta mamia ya mara nikiwa chuoni na baadaye nikiwa kazini na sikuwahi kuuliza yule mwingine yuko wapi. Naamini jibu la kwa nini tuliukataa muswada wa binti wa Mlalo liko pale kwenye mzunguko wa Posta. Macho yetu yamefundishwa hivyo. Steringi hafi, walitufundisha kwenye mabanda ya video, na steringi habebi mzigo.

*

Mtu ataniambia nalinganisha vitu visivyolingana. Hizi ni tamthilia za anga, bwana, tuache watu wafurahi. Furahini. Lakini kuna wanaofanya vizuri, na tofauti yao na wengine haiko kwenye kofia.

Chukua Battlestar Galactica ile iliyoanza mwaka 2004. Watu wanakimbia angani kati ya nyota na nyota, lakini ndani ya meli wanazungumza kwa simu za waya. Kompyuta hazijaunganishwa, kwa sababu adui yao ni mashine inayoingia kwenye mtandao wowote. Vijana waliona ni ushamba. Leo nenda kaangalie vita ya Ukraine: droni nyingi zinaburuta waya mwembamba wa kioo kilomita kwa kilomita, ili mawimbi yake yasivurugwe. Mashamba yamejaa nyuzi kama ya buibui. Ushamba umerudi ukiwa teknolojia ya juu.

Chukua The Expanse. Kila mtu anaisifu kwa fizikia yake, kwamba kabla ya mapigano wanavaa mavazi ya anga na kuitoa hewa ndani ya meli, kwamba meli ikiongeza kasi mwili unapondwa na inabidi kuchomwa sindano za dawa. Mimi kilichonishika ni yule mtu wa Ukanda, aliyezaliwa kusiko na uzito, aliyeletwa duniani na kuteswa kwa kuning'inizwa tu. Hakupigwa. Uzito wa dunia ulitosha. Aliyeandika lile alishawahi kuwaza maana ya mwili kubeba mwili.

Hata Star Trek, niliyoitukana hapo juu, ilipata siku moja ya akili timamu mwaka 1998, kwenye Deep Space Nine, episodi ya kuzingirwa kwa kituo cha AR-558. Askari wamekaa mbele miezi mitano badala ya siku 90, wamebaki theluthi, hawalali, na kijana Nog anapoteza mguu. Katika tamthilia hiyohiyo kuna maadui wanaoitwa Jem'Hadar. Hawali, hawalali, wametengenezwa kupigana tu. Lakini kuna dawa wanayopewa na mabwana zao, na bila dawa hiyo wanakwisha. Kwa hiyo unachopiga ni ghala la dawa. Semboja wa Mazinde angeielewa tamthilia ile mara moja.

Na Stargate, mwaka 2002, ilikuwa na mazungumzo ambayo wapenzi wa silaha bado wanayarudia: ile fimbo ya moto ya miungu ya uongo inatisha sana lakini imetengenezwa kutisha watumwa, na bunduki ndogo ya binadamu isiyo na mbwembwe imetengenezwa kwa vita. Nikitazama picha za zamani za mabwana wa Wilhelmstal, maana ndivyo Wajerumani walivyoiita Lushoto yetu, na makofia yao na panga zao za gwaride, naona fimbo za moto.

Lakini iliyonimaliza ni Andor, sizoni ya kwanza, sehemu za Aldhani. Kuna milima ya kijani yenye ukungu. Kuna watu wa milimani waliokuwa wakihiji kila baada ya miaka kadhaa kwenye bonde lao takatifu. Dola imekuja, imejenga bwawa na ngome, imewashusha watu kwenda kufanya kazi viwandani, na njiani kwa mahujaji imeweka vibanda vya kupumzikia vyenye pombe ili wengi wasifike. Afisa anayaeleza haya bila hasira, kama mtu wa mipango miji. Nilisimamisha video, nikatoka nje, nikaangalia mlima. Wakulima wa huku walioamriwa na Waingereza kulima matuta kwenye miteremko yao kwa jina la kuhifadhi udongo wangemtambua yule afisa kwa sauti tu.

Kundi dogo linakuja kuiba mishahara ya ngome ile. Hawana mavazi ya kuruka. Wanafanya kwata kwenye nyasi ili watembee kama askari wa dola. Wana wasiwasi wa chakula na wanachunga mbuzi kama geresha. Na yule kijana mwenye maandishi yake, Nemik, mwenye mawazo mazuri kuliko wote, anauawa na nini? Mzigo. Chombo kinaruka, shehena ya fedha waliyoiiba inateleza na kumponda. Hakuna kioo cha kofia ambacho kingemsaidia.

Baba mdogo alipoiona sehemu ile hakucheka. Alisema, "Haikufungwa vizuri." Kisha akanyamaza muda mrefu na mimi sikumuuliza.

*

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo ni nzito na sitaki kuikwepa: wakati ujao mashine zitabeba. Kutakuwa na punda wa chuma, mavazi yanayobeba uzito wenyewe, droni za kushusha vifurushi. Kwa nini mwaka 2140 awepo bibi mwenye tenga?

Jibu la kwanza ni kwamba kila kizazi kimeahidiwa hivyo. Askari wa miguu wa Marekani kule Afghanistan, mwenye helikopta juu na satelaiti juu ya helikopta, alikuwa akibeba kilo 30 hadi 45, na wengine zaidi. Kila kifaa kilicholetwa kumrahisishia kilikuja na uzito wake. Na katika mizigo hiyo zilikuwemo kilo kadhaa za betri kwa doria ya siku tatu. Betri, ndugu msomaji! Yule binti aliliona, sisi tukamwambia si halisi.

Jibu la pili nilipewa na barabara. Panda kutoka Mombo kwenda Lushoto kupitia Soni siku ya mvua. Simu ina intaneti ya kasi, unaweza kutazama ndege ikitua Tokyo. Nje ya dirisha mwanamama anapandisha njia ya mguu, tenga kichwani, kwa sababu shamba lake liko mahali ambapo hata bodaboda imekataa. Vitu hivyo viwili vipo pamoja, dakika moja, mita tatu. Anayeandika wakati ujao wa Usambara akamwondoa mwanamama yule anipe sababu ya maana. Amekwenda wapi? Nani kamlipa apumzike? Ikiwa hadithi inaweza kunieleza hayo, nitaisoma kwa furaha kubwa, hiyo itakuwa hadithi ya kisayansi kweli. Lakini kumfuta tu kwa kuwa hapendezi karibu na kofia ya kioo, hapana.

Sisi hatuna umaskini wa kubuni. Katama Mkangi alimrusha Dzombo angani kwenye Walenisi mwaka 1995, ndani ya chombo kilichokusudiwa kumuua, na akamfanya ajifunze kukiendesha. Hakuna aliyemuuliza Mkangi chombo kinatumia mafuta gani, kwa sababu tulijua kinatumia nini: hukumu ya watawala. Tulikuwa na akina Willy Gamba wa Musiba na Joram Kiango wa Mtobwa, waliovaa vizuri na kulenga vizuri, na tuliwapenda, na sitaki kuwasema vibaya, nimelala nao chini ya mto nikiwa sekondari. Ila kutoka kwao tulirithi mtu mmoja mwenye bastola, na kutoka kwenye tamthilia za nje tumerithi mtu mmoja mwenye kofia. Miswada mingi niliyoisoma mwaka jana ilikuwa ni huyohuyo mtu mmoja. Tanga ya mwaka 2150, joto lile tunalolijua, unyevu ule, na kijana amevaa chuma cheusi kuanzia shingoni hadi kisiginoni. Mwandishi ametumia ukurasa mzima kueleza chuma kile kimechanganywa na nini. Jasho halijatajwa.

Tukaziita halisi. Tuliokuwa tukitoa alama hakuna hata mmoja aliyetaja jasho.

*

Januari nilimtafuta yule binti. Nilipata namba yake kwa waandaaji, nikajitambulisha, nikasema nilikuwa mmoja wa wale watatu. Alinipokea kwa adabu kuliko nilivyostahili. "Shikamoo kaka," akasema, na mimi nina miaka thelathini na kitu, nikaitika marahaba nikijisikia mzee.

Nikamwambia nimeifikiria hadithi yake. Nikamwambia tulikosea, angalau mimi nilikosea, na kwamba ningependa kuisoma tena, pengine itafutiwe mahali pa kutoka.

Akafurahi. Akasema ameshairekebisha. Alikuwa amesoma yale maoni yetu ya pembeni na kuyafanyia kazi. Sasa betri zinaletwa na droni kubwa, inatua kambini usiku kwa dakika moja tu, na kikosi kina mavazi ya kuzuia miale, ametafuta mtandaoni mpaka amepata jinsi yanavyofanya kazi. Kurasa zimepungua kutoka kumi na nne hadi tisa.

"Na bibi?" nikauliza.

"Nilimtoa, kaka. Si mlisema?"

Nikamuuliza kama ile ya kwanza bado anayo. Akasema aliiandika kwanza kwa mkono, kwenye daftari, na daftari liliachwa nyumbani Mlalo kwa mama yake, ila wadogo zake wanachana karatasi. Atalitafuta akienda Pasaka.